Dude Lililopiga Shikamoo

Mafuta ya nazi yakifungiwa miaka mingi ndani ya kopo huvunda, na harufu yake haina mpinzani. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kiegeani nikimsaidia Mama kuhamisha vitu, maana paa lilikuwa linabadilishwa, nikavuta kopo la biskuti kutoka uvunguni mwa kitanda chake. Nilipolifungua tu harufu ile ikanipanda puani. Nikakaa sakafuni na kanga yangu ya kazi, nikacheka peke yangu mpaka Mama akauliza kutoka uani nimepatwa na nini.

Ndani ya kopo mlikuwa na gemu letu. Lilikuwa gemu la mkononi, la kukunja, lenye skrini mbili na rangi ya buluu iliyochubuka pembeni. Bawaba yake ilikuwa na tabia ya kulia kila ukiifungua, nasi tulizaliwa katika nyumba ambayo kila kinacholia hupakwa mafuta ya nazi: mlango, baiskeli, cherehani, hata goti la bibi. Basi na gemu tukalipaka, kila Ijumaa, bila kukosa. Fundi yeyote wa simu angezimia akituona. Lakini lilifanya kazi, na lilinukia kama kichwa cha mtoto aliyetoka kusukwa. Chini yake lilikuwepo daftari, nalo limelowa mafuta kwenye pembe zote nne.

Gemu lile alituletea Mjomba Seif, kaka yake Mama, aliyekuwa akipakua mitumba Dar es Salaam. Alilipata katikati ya lundo la redio mbovu na pasi zilizokatika nyaya. Lilikuja bila kadi, na gemu lisilo na kadi ni sahani isiyo na chakula. Kadi tuliazimwa na Idrisa, mtoto wa Bi Salma wa Kilindoni. Hao walikuwa watu wa minazi na mbata, na walikuwa na ndugu Maskati ambao hawakuja likizo mikono mitupu. Idrisa alikuwa na gemu lake mwenyewe na kadi mbili zinazofanana, na alikuwa hana wa kucheza naye. Akatupa kadi moja, tena kwa moyo mweupe. Ilikaa kwetu miaka miwili, na mimi nikasahau kabisa kwamba ni ya kuazima.

Kwa asiyeyajua magemu ya namna ile, nitaeleza kidogo. Unazunguka katika nchi ya ndani ya skrini, unakamata madude, unayalea, unayafundisha kupigana. Ukishakuwa na timu yako ya madude sita unamtafuta mwenzako mwenye timu yake, mnaunganisha magemu bila waya, mnapambana kwa zamu. Nguvu peke yake haitoshi, kwa kuwa lipo dude linaloshinda la maji, lipo linaloshindwa na radi, na yote yapo hivyo. Kazi kubwa ni kuchagua.

Shida yetu ilikuwa moja. Kadi ilikuwa ya Kijapani, na Kiegeani nzima hapakuwa na mtu wa kutusomea hata herufi. Kwa hiyo madude tuliyapa majina yetu wenyewe, kwa jinsi tulivyoyaona. Dude kubwa la maji, pole, linalojaza tumbo kwanza ndipo limwage, tuliliita Potwe, kwa yule papa mkubwa mpole ambaye wageni huja kisiwani kwetu kuogelea naye. La umeme lilikuwa Radi. Lenye mdomo mpana lilikuwa Chewa. Ndani ya daftari tuliandika kila kitufe kinafanya nini, kwa kujaribu na kukosea. Ukurasa wa Potwe peke yake ulichukua wiki tatu.

Na lilikuwepo dude moja nene, la rangi ya udongo, lenye masikio yaliyolala. Lilikuwa na pigo moja dhaifu, na kitufe kingine ambacho ukikibonyeza linapiga hatua mbele, linainama, linainua mkono mmoja. Basi. Hakuna moto, hakuna maji, adui hapungukiwi chochote. Linainama, halafu linapigwa. Tuliangua kicheko siku ya kwanza tulipoliona, tukasema hili dude limelelewa vizuri, linamwamkia adui yake. Tukaliita Shikamoo. Katika daftari, mimi kwa mwandiko wangu mkubwa wa darasa la sita, nikaandika: "Shikamoo. Hafanyi kitu."

Nimesema tuliandika, tulicheka, tukaliita. Yule mwenzangu alikuwa Tatu. Mama yake ni mama yangu mdogo, aliyeolewa Kilwa, na Tatu aliletwa kwetu akiwa mdogo ili awe mwenzangu. Nilimzidi mwaka mmoja, na mwaka ule nilijua kuutumia. Gemu lilikuwa letu sote, lakini nililishika mimi. Tatu alilipata nilipokuwa nimelala mchana, au nilipokuwa na homa, au wakati nimeenda kwa ustadhi na yeye zamu yake bado. Hakulalamika. Alikaa begani kwangu akitazama, anapumua sikioni, na mara mojamoja alisema, "Dada Zuhura, jaribu huyu." Nami sikujaribu. Yeye alimpenda Shikamoo na alikuwa amemlea mpaka akanenepa kupita kiasi, jambo ambalo nililiona la kitoto.

Na Idrisa tulicheza mmoja kwa mmoja. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake madude yake sita, mnatazamana, halafu kila mtu anachagua matatu kimyakimya. Dude moja linasimama mbele ya dude moja. Sheria ya Idrisa ilikuwa kwamba yale madude makubwa ya mwisho wa safari, tuliyoyaita Masultani, hayaruhusiwi, kwa sababu mwenye Sultani hana haja ya akili. Katika kuchagua matatu nilikuwa hodari, nisijinyime sifa. Nilijua Idrisa akiona Potwe kwangu lazima alete Radi, kwa hiyo nilikuwa namwonyesha Potwe halafu simleti. Alinikasirikia sana kwa hilo. Ila Potwe mwenyewe, kipenzi changu, ndiye niliyemlea kuliko wote, na mbele ya Radi hakuwahi hata siku moja kumaliza kujaza tumbo.

Siku kumi hivi zilipobaki mwezi wa Ramadhani kwisha, Idrisa alikuja na baiskeli yake mpaka uani kwetu. Alimwamkia Mama, akaitikiwa marahaba, akasimama amejikunja. Nikajua hana habari njema.

"Zuhura," akasema, "mimi naenda bweni Unguja baada ya Idd. Mubaraka anaitaka ile kadi."

Mubaraka ni mdogo wake. Gemu lake Idrisa angeondoka nalo, na Mubaraka alikuwa ameahidiwa jingine kutoka Maskati. Mubaraka alitaka kuanza safari yake tangu mwanzo. Na kadi zile, msomaji wangu, zinaweka safari moja tu. Ukianza mpya, ya zamani inafutwa yote. Miaka yangu miwili, Potwe wangu, vyote vingefutwa kwa kubonyeza mara mbili.

Nililia. Sikuona aibu, nililia pale pale mbele ya baiskeli. Idrisa alikuwa na moyo laini, akakuna kichwa akasema tufanye hivi: Idd pili njooni nyumbani tupambane. Mkishinda, kadi ni yenu moja kwa moja, Mubaraka ataagiziwa nyingine. Mkishindwa, mnairudisha siku hiyohiyo. Tukapeana mikono.

Tangu saa ile sikuwa mtu wa kutumwa. Nilifanya mazoezi asubuhi, nilifanya mazoezi adhuhuri, nilifunga Ramadhani na kidole kikiwa kwenye kitufe. Na hapa ndipo linapokuja lile ambalo sikuwahi kulisimulia.

Mama alikuwa akilima mwani. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, alishuka pwani na wenzake kufunga na kuvuna, halafu mwani uliletwa kuanikwa juu ya chanja nyuma ya nyumba. Mwani ukianikwa una adui mmoja, mvua. Ukinyeshewa, chumvi inaondoka, unakuwa mweupe, na mnunuzi anaupita kama hakuona. Siku ile Mama alienda kumjulia hali jirani aliyejifungua, akasema mmoja wetu asitoke chanjani, na wingu likionekana tuuite ulimwengu mzima tufunike. Tukagawana. Tatu akaenda kisimani. Mimi nikabaki kulinda.

Nililinda gemu. Nilikaa na mgongo kwa chanja na uso kwa skrini, kanga nimeivuta kichwani ili jua lisinizuie kuona. Jua lilipopungua nilifurahi, nikasema ahaa, sasa ninaona vizuri. Tone la kwanza lilipoangukia skrini nililifuta kwa kidole nikaendelea. Niliposhtuka mvua ilikuwa imeshika kazi. Tatu alikuja mbio kutoka kisimani, ndoo ameitupa njiani, tukavuta turubai pamoja huku nikipiga makelele yasiyo na maana. Mavuno ya bamvua nzima yakalowa.

Mama alirudi ametota. Alitazama chanja, akanyanyua konzi moja ya mwani, akaiachia. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nani alikuwa zamu?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Gemu lilikuwa chini ya kanga, limebanwa na kwapa, na nilifikiria jambo moja tu, kwamba Mama akijua atalichukua na Idd pili hatutakwenda popote.

"Mimi, mama mkubwa," Tatu akasema. "Nilisinzia."

Mama akaingia ndani, na nikasikia kifuniko cha sanduku. Alikuwa amenunua kitambaa cha gauni la Idd, cha maua ya njano, sare kwa sisi wawili. Langu lilikuwa limekwisha shonwa, linaning'inia msumarini. Kitambaa cha Tatu kilikuwa bado hakijapelekwa kwa fundi. Akakirudisha sandukuni, akafunga.

Baadaye tulikutana nyuma ya jiko. Nikamuuliza kwa nini amesema vile.

"Angelichukua gemu," akasema.

"Ungeniacha niseme mwenyewe."

"Ulikuwa husemi, dada."

Nikakasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeambiwa kweli. Na nisikufiche, pamoja na kukasirika nilifurahi. Nilijiambia Tatu naye analitaka gemu, kwa hiyo amejisemea nafsi yake, kwa hiyo hatudaiani. Nikarudi kwenye mazoezi.

Idd pili tulikwenda Kilindoni kwa Bi Salma. Mimi nimevaa maua ya njano, Tatu amevaa gauni la mwaka jana lililoshushwa pindo, na alama ya pindo la zamani ilionekana mstari mzima kuzunguka magoti. Sebuleni mlikuwa na watoto kama kumi na tano, wa ndugu na wa jirani, wamejaa kaimati na sherbeti, wote wamekuja kutazama pambano ambalo Idrisa alikuwa amelitangaza mtaa mzima. Tukaketi mkekani, uso kwa uso, kila mmoja na gemu lake. Mubaraka alikuwa nyuma ya kaka yake analia kwamba na yeye anataka kucheza.

Bi Salma akatoka jikoni na mwiko. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyozoea kuita watu shambani, na mambo ya gemu hakuyajua wala hakutaka kuyajua.

"Huyu analilia nini?"

Akaelezwa kwamba mchezo ni wa mmoja kwa mmoja, wengine wanatazama.

"Siku ya Idd?" akasema. "Mtu mmoja anacheza, mwenzake anamtazama mdomo? Kwangu hakuliwi hivyo wala hakuchezwi hivyo. Mtacheza wawili wawili. Mubaraka na kaka yake. Na wewe binti wa gauni la njano, na mdogo wako. Ama sivyo zimeni hayo madubwana mje mnioshee sufuria."

Idrisa akajaribu kueleza. Bi Salma akanyanyua mwiko. Maelezo yakaisha.

Na kumbe ndani ya gemu mtindo huo ulikuwepo, kando ya ule tuliouzoea, na mimi na Idrisa hatukuwahi kuugusa. Madude mawili yanasimama pamoja mbele ya mawili. Tukakubaliana kwamba kila mtoto alete madude mawili, na kila mmoja aamuru ya kwake. Maandalizi yangu yote yalikuwa ya mmoja kwa mmoja. Nilijua matatu ya kuleta, nilijua ya kuficha, na sasa nusu ya timu yangu ilikuwa mikononi mwa Tatu.

Nilichagua Potwe na Ngisi, dude letu la mikono mingi. Nikampa Tatu gemu. Alichagua Kasa, dude gumu la gamba, nikashusha pumzi. Halafu akachagua Shikamoo.

"Tatu!" nilinong'ona. "Toa huyo. Hafanyi kitu."

"Ndiye ninayemtaka."

"Nitapoteza kila kitu kwa sababu yako."

Alibonyeza kukubali, na kilichochaguliwa hakirudi. Nilitamani kumfinya.

Tulianza vibaya. Ngisi wangu alianguka mapema, Kasa akavumilia akachoka akamfuata, ingawa na wao walipoteza wawili wa Mubaraka, ambaye alikuwa anabonyeza vitufe kama anafukuza kuku. Wakabaki na Radi na Chewa, wote wa Idrisa, wazima. Sisi tukabaki na Potwe na Shikamoo. Watoto wa upande wao wakaanza kuimba. Nilihesabu kichwani. Potwe anahitaji zamu mbili, moja ya kujaza, moja ya kumwaga, na Radi ni mwepesi kuliko sisi sote. Pigo moja la Radi, Potwe amekwisha. Niliyaona yote yamefutwa tayari.

"Jaza," Tatu akasema sikioni mwangu.

"Radi atamuua."

"Jaza tu, dada."

Nilijaza kwa sababu sikuwa na la kufanya. Tatu akabonyeza kile kitufe chake. Shikamoo akapiga hatua mbele, akainama, akainua mkono.

"Marahabaa!" sebule nzima ikaitikia, na vicheko vikapasuka hata Bi Salma akachungulia.

Radi akarusha umeme kuelekea Potwe. Niliuona kwa macho yangu unatoka, unavuka skrini, halafu unapinda. Ukampiga Shikamoo. Vicheko vikapungua. Chewa akaruka amelenga Potwe pia, naye akapinda, akamwangukia Shikamoo. Dude letu nene likayumba, likarudi mahali pake. Potwe alikuwa kando, hajaguswa, tumbo limejaa.

Idrisa alinyanyua macho akanitazama, na mimi nilikuwa sina habari kuliko yeye.

Zamu ya pili Tatu alibonyeza kitufe kilekile. Mimi kidole changu kikasita, kwa sababu niliyajua maji ya Potwe. Hayachagui. Yanamkumba kila aliye mbele na aliye kando.

"Yatamkumba na Shikamoo," nikasema.

"Najua. Mwaga."

Shikamoo akainama tena. Safari hii hakuna aliyeitikia. Radi akampiga, akabaki na uhai mwembamba kama uzi, na hapo Potwe akafungua mdomo. Maji yakajaa skrini zote mbili. Radi akaanguka, Chewa akaanguka, na Shikamoo akaanguka mahali alipoinamia. Potwe akabaki peke yake.

Nilirukaruka mkekani mpaka kaimati zikamwagika. Idrisa, nampa haki yake, hakugomba. Alifunga gemu lake akasema, "Kadi yenu." Halafu akaniuliza, na watoto wote wanasikiliza: "Hiyo mbinu ya Shikamoo umeitoa wapi?"

"Ni mbinu yangu," nikasema. "Niliificha muda wote."

Tatu alikuwa anaokota kaimati zilizoanguka, anazirudisha kwenye sahani moja moja. Alisikia. Aliendelea kuokota. Njia nzima ya kurudi nilimsimulia Potwe alivyowamaliza, na yeye alinibebea viatu kwa kuwa vipya vilikuwa vimenichubua.

Maisha yalikwenda. Idrisa alikwenda bweni. Mimi nilifaulu, nikapelekwa kusoma Mtwara, nikawa mwalimu wa hesabu, na gemu likabaki kwa Mama bila mtu wa kulipaka mafuta. Tatu aliolewa, na sasa anapika katika jiko la hoteli moja ya wageni huko Ghuba ya Chole. Tulipendana kama ndugu wanavyopendana, kwa simu za sikukuu na maswali ya watoto hawajambo. Siku ile ya mvua sikuitaja kamwe. Ukinyamazia jambo miaka mingi, linaanza kujifanya halikutokea.

Mwezi uliopita, basi, nimekaa sakafuni na kopo, nilifungua lile daftari. Nikapita ukurasa wa Potwe, nikacheka. Nikafika kwa Shikamoo. Mwandiko wangu ulikuwepo, mkubwa, wenye uhakika: hafanyi kitu. Na chini yake, kwa penseli, kwa herufi ndogo ambazo sikuwahi kuzisoma kwa sababu sikuwahi kurudi kwenye ukurasa ule, Tatu alikuwa ameandika: "Wakiwa wawili anaita mapigo yaje kwake ili mwenzake asipigwe. Nimemjaribu mara nne. Dada akiniuliza nitamwambia."

Alijua. Katika zile dakika zake za kuibia, wakati mimi nimelala au nina homa, alikuwa amezikuta sehemu za safari ambapo madude yanasimama mawili mawili, akajaribu, akaandika, akangoja niulize. Nilisoma mstari ule nikiwa mtu mzima wa miaka yangu, mwalimu anayesahihisha madaftari ya watoto arobaini kila wiki, nikaona uso wa Mama umelowa mvua, na mtoto wa miaka kumi na moja anapiga hatua moja mbele yangu. Nilikuwa nimemwona Shikamoo akiinama kwenye skrini, nikashangilia. Tatu alikuwa ameinama uani kwetu siku chache tu kabla, na sikuona kitu.

Nilibeba kopo mpaka Kilindoni, fundi akanitafutia chaja, akanusa bawaba akaniuliza nani alifanya uhalifu huu. Kisha nikaenda kwa Tatu. Nilimkuta kwenye mbuzi, anakuna nazi, binti yake Raya wa miaka minane yuko kando anakula nazi iliyokunwa. Nilikaa mkekani, nikasema bila salamu ndefu.

"Tatu, siku ile ya mvua nilikuwa zamu mimi."

Alisimamisha mkono. "Sasa unanisimulia mimi? Si nilikuwepo?"

"Na ile mbinu..."

"Ehee," akadakia, na macho yake yakacheka. "Ile mbinu yako, dada. Hivi uliitoa wapi vile?"

Tulicheka mpaka nikaanza kulia. Ndipo nikamwambia asante. Nilizitamka zote kwa majina, asante ya mvua, asante ya gauni la njano, asante ya Idd pili, kwa sababu asante ya jumla nilikwisha mpa mara nyingi na haikuwa na kitu ndani. Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, mkono umejaa chenga za nazi, akasema nazi imemwingia machoni. Kisha akasema, pole pole, kwamba gauni lile alililia, tena sana, na kwamba anafurahi nimelikumbuka.

Raya alikuwa amekwisha lichukua gemu. Aliwasha, muziki mdogo ukalia, na Potwe akatokea kwenye skrini, mzima, kama nilivyomwacha.

"Mama mkubwa, na mimi naanzaje yangu?"

Tatu akanitazama. Alijua kadi ile inaweka safari moja. "Mwache kwanza," akaniambia. "Mambo yako yote yamo humo."

Nikavuta gemu, nikamwonyesha Raya pa kubonyeza. Nilibonyeza mara ya kwanza mimi, na ya pili tukabonyeza pamoja. Skrini ikawa nyeupe, kisha barabara ikatokea, na mtoto mdogo wa kwenye gemu amesimama mwanzo wake, hana dude hata moja. Sikuumia hata kidogo, na nilikuwa nimejiandaa kuumia.

"Ukikutana na mnene mwenye masikio ya kulala," Tatu akamwambia binti yake, akirudi kwenye nazi, "usimpite."

Raya alitikisa kichwa kukubali bila kunyanyua macho. Baadaye kidogo, kidole kiko kwenye kitufe, akaniuliza, "Mama mkubwa, wewe kwenye timu yako ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa na mama yako," nikasema.